Rafiki Yangu Amefanywa Mzimu

Rafiki yangu Mogeas ni mzimu. Sisemi kwamba amekufa. Yupo, anakula vizuri kuliko mimi, na juzi tu nimemwona akijikuna mgongo kwa kijiti. Lakini mji mzima umekubaliana kwamba ni mzimu. Anachinjiwa kondoo kila mwezi unapoandama, na mtu akipita mbele ya kibanda chake pale langoni lazima afunge mdomo mpaka avuke, maana kwetu mizimu haisemeshwi. Ukiisemesha inakupofua, au inakukausha mguu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na mama zetu walikuwa wakali kuliko hiyo mizimu yenyewe.

Aliyemfanya mzimu ni mimi, kwa kiapo cha uongo. Msinikodolee macho, nitaeleza.

Naitwa Saondas, mtega mikunga wa ziwa la Kopais. Nasema mikunga wale samaki warefu kama nyoka, wanono, ambao mabwana wa Athene wakiwaona sahanini hutokwa na machozi. Mogeas naye alikuwa mtega mikunga. Tulizaliwa majira yale yale, mtaa ule ule, na upara wetu ulianza mwaka mmoja. Yeye hana magego ya kulia, mimi sina ya kushoto, kwa hiyo tukila pamoja tulikuwa na mdomo mmoja uliokamilika. Kila asubuhi kwa miaka arobaini tulikutana pale tunapofunga mitumbwi, na salamu yetu ilikuwa matusi.

“Hujafa tu, kinuka tope wewe?”

“Nikifa nani atakuzika? Mkeo mwenyewe anangoja uanguke majini apumue.”

Hapo ndipo siku yangu ilipoanza. Siku ambayo Mogeas anaumwa, asije, nilishinda na uzito kifuani, na mke wangu Filla aliniuliza kama nimekula kitu kibovu.

Mwanzoni mwa majira ya baridi, mwaka huo wa kiapo, alikuja kwetu mwalimu wa hekima kutoka Athene. Alisema amekuja kutufundisha habari za urafiki. Mimi naamini alifuata mikunga. Alisimama kwenye baraza ya sokoni, joho begani, ndevu zimechanwa vizuri, akatuuliza rafiki ni nani. Hakungoja jibu. Akasema wapo wanaodai kwamba mtu humpenda asiyefanana naye, kama ardhi kavu inavyotamani mvua. Yeye hakubaliani nao. Urafiki wa kweli, alisema, ni wa wanaofanana: tabia sawa, hali sawa, yanayomfurahisha huyu ndiyo yanayomfurahisha yule, hata ukimtazama rafiki yako unajiona wewe mwenyewe.

“Basi mimi nimekwisha,” Mogeas akapaza sauti. “Nikijitazama naona hili hapa!” Akaninyooshea kidole. Soko zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Akatuita mbele, maana watu wa namna ile hupenda kuwa na vielelezo. Akaniuliza kama namtakia mwenzangu kila jema. Nikasema ndiyo, ila asinipite kwa mikunga.

“Unamtakia jema lililo kubwa kuliko yote?”

“Kama ni bure, kwa nini nisimtakie?”

“Hata awe mungu?”

“Nani, huyu?” nikasema. “Miungu itahama.”

“Sikiliza basi,” akasema, na macho yake yakang'aa kama ya mtu anayekaribia kukunasa. “Akiwa mungu hamtafanana tena. Yeye juu, wewe chini. Atakuwa hahitaji kitu kwako, na wewe hutakuwa na la kumpa. Mtu na mungu hawawi marafiki. Kwa hiyo ukimtakia jema lililo kubwa kuliko yote, umempoteza rafiki. Sasa unamtakia, au humtakii?”

Nilisimama pale mdomo wazi. Mogeas ndiye aliyemuuliza, “Mwalimu, wewe unaye rafiki?” Mwalimu akasema amechelewa chakula.

Yangeishia hapo kama si mvua. Ziwa letu halina mto wa kulitoa maji. Maji yake humezwa na mashimo yaliyo kwenye mwamba, yakapita chini ya mlima mpaka baharini. Mwaka ule shimo kubwa liliziba kwa matete na magogo, na ziwa likapanda mpaka mashamba ya shayiri. Ikapigwa kura, nani aende kuzibua. Kura huamuliwa na miungu, lakini chungu cha kura hushikwa na Damofilos, kuhani wa Poseidoni, mungu wa maji, na Damofilos hajawahi kutupenda. Kura ikatuangukia mimi na Mogeas. Tukapewa kulabu ya shaba ya hekaluni, ndefu kama mlingoti, ambayo mababu walimpa Poseidoni wakati ule miungu ilipokuwa bado inatusikiliza. Damofilos akatuonya kwamba atakayeipoteza atafukuzwa mjini, yeye na mifupa ya wazazi wake.

Mogeas alikuja na kulabu begani na kiriba cha mvinyo kwapani. Alisema mvinyo ni wa kummwagia Poseidoni. Poseidoni alipata tone moja, tena lililoponyoka. Kufikia adhuhuri Mogeas alikuwa amepanda juu ya lile rundo la matete, anachokoa kwa kulabu na kumwimbia mungu wimbo ambao siwezi kuurudia hapa. Ghafla rundo lote likazama. Maji yakanguruma, na Mogeas akaenda nayo, yeye na kulabu na kiriba.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilipiga magoti mwambani nikalia kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni. Nilikuwa nimelia vya kutosha nilipoisikia sauti kutoka chini.

“Saondas! Wewe punda! Acha kunilia, lete kamba!”

Alikuwa amenasa kwenye kijukwaa cha jiwe, kama urefu wa watu watatu kwenda chini, maji yakimpita pembeni. Nikamvuta. Akatoka uchi, amechubuka kila mahali, harufu ya mvinyo bado inampepea.

“Kulabu iko wapi?” nikamuuliza.

“Imerudi kwa mwenyewe.”

Tulimjua Damofilos. Mifupa ya baba yake Mogeas ilikuwa imelala vizuri makaburini kando ya barabara miaka thelathini, na ya mama yake ubavuni.

“Nenda ukaseme nimekufa,” Mogeas akasema.

“Mpaka lini?”

“Mpaka wasahau. Watu wetu husahau upesi, waliwahi kumchagua Damofilos mara mbili.”

Basi nikamficha kwenye kibanda changu cha matete kule mwisho wa ziwa, nikamfunika ngozi ya mbuzi, akalala. Mvinyo ulimtia homa, na alilala siku mbili mfululizo akikoroma. Mimi nikarudi mjini nikatangaza kwamba shimo limemmeza Mogeas pamoja na kulabu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kulabu! Maji yalikuwa yanashuka, shayiri imeonekana, watu wanakumbatiana njiani. Ningesema ukweli saa ile ile, lakini wanawake walikuwa wameshafungua nywele na kuanza kuomboleza, na kumkatiza mwanamke wa kwetu maombolezo yake ni hatari kuliko shimo lolote.

Siku ya tatu ilikuwa karamu ya matanga. Mji ulimchinjia fahali, kwa vile alikufa kwa ajili ya shayiri yetu sote. Tumekaa, tunakula, Damofilos anasifu tabia njema za marehemu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, mara Mogeas akaingia. Alikuwa ameamka na njaa, akaifuata harufu ya nyama. Tope lilikuwa limemkaukia mwilini, na amejifunga ile ngozi yangu ya mbuzi. Akakaa kwenye nafasi iliyokuwa wazi, akavuta sahani.

“Nani amekufa?” akauliza.

“Wewe,” nikamwambia.

“Ebo. Nipe ule ubavu.”

Watu walikimbia na mikate mikononi. Damofilos alipanda juu ya meza. Na shida yenyewe haikuwa ndogo: mtu akishaliliwa na kutengwa na walio hai, hawezi tu kurudi kuketi nao. Haingii hekaluni. Hakuna anayemgusa. Hata moto wa nyumbani kwake hausogelei. Wakatumwa wazee watatu kwa mama mwaguzi kule mlimani, aketiye kwenye kigoda, waulize afanywe nini mtu huyu. Nao wakasimulia mambo kwa ukubwa unaofaa safari ndefu: kwamba shimo lilimmeza, kwamba alikaa siku mbili kuzimu, kwamba alitoka akiwa anang'aa. Alikuwa anang'aa kwa tope, lakini hilo hawakulisema. Wakarudi na jibu. Aoshwe kama mtoto mchanga, avishwe winda, apakatwe kifuani kama aliyezaliwa leo. Kisha apewe kiti na achinjiwe kama mizimu inavyochinjiwa, kwa kuwa ardhi ilimla ikamrudisha.

Sitasahau siku ya kuoshwa. Wanawake sita walimtia Mogeas kwenye karai la kufulia, yeye na ndevu zake, wakamsugua huku wakiimba nyimbo za kubembelezea. Wakamfunga winda. Mke wa mfinyanzi, aliyekuwa na mtoto wa miezi miwili, akampakata dakika moja huku amefumba macho, na Mogeas akatangaza kwamba maziwa yanataka chumvi kidogo. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Huko nje ndiko nilikopatwa na wazo la kwanza la huzuni: tulikuwa marika, na sasa nimemzidi miaka sitini.

Kilichobaki ni shahidi. Damofilos hakuwa mjinga. Alitaka mtu aape mbele ya mkutano kwamba Mogeas kweli alikaa chini ya ardhi siku mbili, maana mji haukuwa tayari kuchinja kondoo kwa mtu aliyelala kichakani. Na shahidi mwenyewe alikuwa mmoja tu duniani.

Mogeas alinifuata ziwani mchana wa siku iliyotangulia mkutano. Alikuwa bado na winda, na juu yake amejitanda shuka. Nilitega mtego bila kumwangalia.

“Kesho watakuita uape,” akasema.

“Niape nini? Kwamba ulinikojolea ngozi ya mbuzi?”

“Uape kwamba nilikuwa chini.”

“Mogeas, mizimu haisemeshwi.”

“Najua.”

“Unajua? Nani atanitukana asubuhi? Nani nitamwambia ananuka?”

Akaukamata ule mtego niliokuwa nao, akajaribu kuuinua, ukafika magotini, akauachia. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

“Umeona,” akasema. “Tena si leo. Mwaka mzima huu mitego yangu unaiinua wewe, na unajifanya hujui kama najua. Nina miaka sitini, Saondas. Miaka sitini ya uji wa shayiri. Nyama naijua kwa sikukuu. Mke wangu alishatangulia, mtoto sina. Baridi ijayo nitafia ndani ya mtumbwi, na wewe ndiye utakayeniopoa, halafu utalia vile vibaya vyako. Sasa nimeletewa kiti, ndugu yangu. Kiti chenye paa! Na paja la kondoo kila mwezi, na mto wa kukalia. Wewe ungekataa?”

Nilitaka kumpiga. Nilikasirika kwa sababu kila alichosema ni kweli, na kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu yule mwalimu mwenye ndevu zilizochanwa alikuwa ameniuliza swali hili hili nikiwa nimesimama sokoni kama mbuzi. Humtakii rafiki yako jema lililo kubwa kuliko yote? Ningeweza kusema ukweli kesho. Wangemzomea, angepoteza kiti, na asubuhi ya keshokutwa tungekuwa sawa tena, wazee wawili wenye njaa, tukitukanana.

“Nitaapa,” nikasema. “Lakini ujue nakuchukia.”

“Najua,” akasema. “Na mimi vile vile.” Akanishika shingo kwa mkono wake mbovu, akaondoka, na winda lilikuwa limelegea nyuma. Nikamwacha aende hivyo hivyo.

Kesho yake nilisimama juu ya vipande vya kondoo dume aliyechinjwa, kama kiapo kizito kinavyotaka, damu ikinipenya vidoleni mwa miguu, nikaapa kwa Zeu mwenye radi na kwa Poseidoni na kwa watoto wangu kwamba Mogeas alimezwa siku ya kwanza na kutapikwa siku ya tatu. Niliposema “kwa watoto wangu” Filla alinitazama kwa jicho baya. Nikangoja radi. Haikuja. Nadhani Zeu alikuwa na shughuli nyingine, ana wake wengi.

Wakampeleka Mogeas kwenye kiti chake kwa zumari, na kuanzia jioni ile hakuna mtu aliyemsemesha.

Siwezi kuwaambia miezi ile ilivyokuwa. Nikipita langoni na mitego begani namwona amekaa, shada la maua kichwani, miguu imeoshwa, ananitazama. Mimi namtazama. Kuna mlinzi wa Damofilos mwenye fimbo, kazi yake ni kusikiliza. Mdomo wangu unajaa maneno mpaka ubavu unauma, na navuka. Alianza kunenepa. Mashavu yalitoka, ngozi ikalainika, wakawa wanampaka mafuta ya maua. Mimi nilibaki vile vile, mkavu kama fito. Asubuhi nilikuwa nayatukana matete. Matete hayana jibu.

“Si utafute rafiki mwingine?” Filla akaniambia siku moja. “Mji umejaa wazee wasio na kazi.”

Nikajaribu. Nilimwendea mfinyanzi, mtu mwema, nikamsalimia asubuhi kwa kumwambia sura yake kama chungu kilichopasukia tanuruni. Alinitupia mfuniko. Kovu ninalo.

Yule mwalimu wa hekima alipita tena kwenye majira ya mavuno. Habari alishazipata. Akanikuta nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa.

“Naona ulijibu swali langu,” akasema.

“Nilijibu.”

“Na umejifunza nini?”

“Kwamba ulikuwa unasema kweli, na bado sikupendi.”

Akafurahi sana, akayaandika. Nikampa mkunga aliyevuliwa siku tatu nyuma, na sikumwambia.

Sasa, ipo njia moja tu ya mzimu hai kusema. Mara moja kwa mwezi Damofilos husimama nyuma ya kibanda, amegeuza uso, akasikiliza matakwa. Mwezi wa kwanza mzimu wetu ulitaka mto wa kukalia uliojazwa manyoya. Mwezi wa pili ulitaka nyama ichemshwe zaidi, kwa ajili ya magego. Mwezi wa sita, blanketi. Mwezi wa tisa Damofilos alikuja mkutanoni uso umekunjamana kama mtu aliyekalia siafu.

“Mzimu unataka sikukuu yake iwe ya matusi,” akasema. “Kondoo achinjwe, na mtu asimame mbele yake amtukane waziwazi. Atakayesema neno jema atakuwa ameiharibu sadaka.”

Zogo likaanza. Wengine walisema ni kufuru, wengine wakauliza kama wanaweza kujiandikisha. Akasimama mzee mmoja aliyekuwa baharia, akasema kuna kisiwa alikowahi kuona ng'ombe akichinjwa kwa laana na matusi toka mwanzo hadi mwisho, na mazao ya kisiwa kile ni mazuri ajabu. Hapo watu wakatulia. Wakauliza nani atatukana.

“Mzimu umetaja mtu,” Damofilos akasema, na akanitazama kwa chuki safi kabisa.

Nilijiandaa siku tatu. Niliyachagua matusi yangu bora ya miaka arobaini, nikayapanga, nikayajaribu kwa punda wa jirani. Nilioga. Filla alinifulia shuka. Asubuhi ya sikukuu nilikuwa na furaha ya bwana harusi, na nilipoufikia ule uwanja mbele ya kibanda, mji mzima umejipanga kimya, wanawake upande huu, wanaume upande ule, nikasafisha koo.

Kondoo akachinjwa. Damofilos akaniashiria.

“Kinuka tope wewe!” nikapiga kelele.

Upepo ulikuwa unatoka kwake. Ukaniletea harufu ya mafuta ya maua. Watu wakatazamana.

“Mifupa mitupu! Mbwa wakikuona wanakulilia!”

Alikuwa na kitambi. Kilikuwa kimetulia mapajani mwake.

“Mvivu! Hujui hata kuinua mtego!”

Mtego gani? Mikono yake ilikuwa laini kama mkunga aliyechunwa. Nikamtupia la mkewe, kwamba alikufa ili amkimbie, tusi ambalo miaka yote lilimchekesha mpaka akohoe, kisha akanirudishia la mke wangu. Safari hii halikuwa na kurudishiwa. Lilitoka kinywani mwangu likabaki hewani, tusi baya tu la mzee kumtukania mzee mwenziwe marehemu mke wake. Mwanamke mmoja akasema, “Jamani.”

Hapo nikaelewa, na nilijisikia vibaya hata nikatamani kukimbia. Kila tusi nililowahi kumtupia Mogeas lilikuwa langu pia. Nilimwita kinuka tope kwa sababu mimi nanuka tope. Nilicheka njaa yake kwa tumbo langu tupu. Sasa mwenye kunuka alikuwa mimi peke yangu, na mwenye mifupa alikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama mbele ya mji mzima najitukana mwenyewe, na yeye amekaa juu, safi, amenona, haguswi na chochote.

Nikamtazama usoni. Alikuwa anaogopa. Chini ya lile shada la maua niliyaona macho ya mzee aliyekaa miezi tisa bila kusemeshwa na mtu, na ambaye ametumia akili yake yote kunileta pale nimtoe, na mimi sijui pa kumshika. Watu wakaanza kunong'ona. Damofilos akapiga hatua moja mbele, akiwa na furaha.

Nikajiuliza, kimebaki nini? Kitu gani mimi ninacho, na yeye anacho, kile kile, sawa kwa sawa?

“Mwongo!” nikasema.

Mogeas akashtuka.

“Mwongo mkubwa wewe!” Sauti yangu ikapata nguvu. “Mwongo toka kisigino mpaka upara! Umewadanganya wanaume hawa, umewadanganya wanawake hawa, umemdanganya kuhani na kofia yake! Hujaenda popote, hujaona chochote! Unakula kondoo wa watu kwa uongo, na mafuta yanakuchuruzika ndevuni!”

Watu wakafurahi. Hilo sasa lilikuwa tusi la kweli, zito, linalofaa sadaka. Wakaanza kupiga makofi. Hata Damofilos aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia aliye jirani yake kwamba hatimaye mzee ameanza kuishika kazi. Mimi sikuwaangalia. Nilikuwa naangalia kile kitambi, maana kilikuwa kimeanza kutikisika. Kilitikisika kidogo, kisha sana, kisha mabega nayo yakashika, na Mogeas akainuka kutoka kwenye kiti chake chenye paa, shada limemwangukia jicho moja.

“Na wewe je, mbwa koko wewe?” akanguruma, na sauti ilikuwa imeshika kutu kwa miezi tisa. “Aliyeapa ni nani?”

Mzimu ulikuwa umesema. Mlinzi akatupa fimbo. Damofilos ndiye aliyeanguka wa kwanza, uso ardhini, mikono kisogoni, na nyuma yake wote wakaanguka, wanaume upande ule, wanawake upande huu, mfinyanzi na mke wake na mtoto wao, mpaka uwanja mzima ukawa migongo mitupu. Tukabaki wawili tu tuliosimama. Yeye ameshika tumbo, mimi nimeshika ubavu, tunatazamana na kucheka hata hatukuweza tena kusema neno.